Upele Unapokuja na Homa: Funzo la Telaprevir

Mei 2011 Marekani iliidhinisha telaprevir, dawa ya homa ya ini aina ya C iliyouzwa kwa jina la Incivek. Kabla yake tiba ilikuwa sindano za interferoni na vidonge vya ribavirini, na wengi hawakupona. Ilipoongezwa telaprevir, takribani robo tatu ya waliotibiwa kwa mara ya kwanza walipona.

Lakini zaidi ya nusu ya walioimeza walitokwa na upele. Kwa wengi uliishia kwenye kujikuna na kupaka krimu. Kwa wachache sana, kinga ya mwili iliwageuka: homa ikapanda, uso na tezi zikavimba, kisha ini au figo zikashambuliwa. Madaktari huita hali hiyo DRESS. Huchelewa kujitokeza, kwa kawaida wiki 2 hadi 8 tangu kuanza dawa, wakati mgonjwa ameshaondoa wasiwasi. Wengine walipata ugonjwa wa Stevens-Johnson, ambao hutoa malengelenge, huchubua ngozi na kutia vidonda mdomoni na machoni.

Mwenye homa ya ini ni rahisi kuzikosea dalili hizi. Interferoni yenyewe huleta homa na uchovu, hivyo homa mpya haimshtui mtu. Vipimo vya ini vikiharibika, lawama huangukia virusi. Na aliyesubiri kupona kwa miaka mingi huona bora avumilie.

Uvumilivu huo uliua. Desemba 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiwekea telaprevir onyo lake kali kuliko yote: baadhi ya wagonjwa walikufa baada ya kuendelea na tiba huku upele ukizidi na dalili nyingine zikijitokeza. Iliagiza kwamba upele mkali wa namna hiyo ukitokea, dawa zote tatu zisimamishwe mara moja. Mwaka 2014 telaprevir iliondoka sokoni Marekani, ikiwa imepitwa na dawa mpya kama sofosbuvir.

Nyumbani Afrika Mashariki wengi wanaikumbuka nevirapini ya VVU. Nayo ina onyo la ngozi na ini, na homa ya ini B au C huongeza hatari kwa ini. Ili kupunguza hatari ya upele, ilianzwa kwa kidonge kimoja kwa siku, kwa siku 14.

Ukitokwa na upele wenye homa, uvimbe wa uso au vidonda mdomoni, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo, kabla ya dozi inayofuata, ukiwa na dawa zako zote, mitishamba ikiwemo. Na dawa iliyokudhuru iandikwe kwenye faili lako, usije ukapewa tena.