Namba Zilizo Ng'ambo ya Namba Zetu

Mtoto wa Buyenzi akishajua kuhesabu huamini, wala hakosei, kwamba kila namba hufikiwa na mwenye subira ya kuongeza moja juu ya moja. Lakini wanazuoni wa mantiki walipotaka kuiandika imani hiyo kwa kanuni zisizoacha mwanya, walishindwa, na kushindwa kwao nakuhesabu miongoni mwa mambo matukufu kabisa ya elimu hii.

Kanuni zenyewe zanasibishwa na Giuseppe Peano, aliyezitangaza Turin mwaka 1889, na kuu miongoni mwazo yasema hivi: sifa iliyo nayo sifuri, ikiwa kila namba huirithisha kwa ile inayoifuata, ni sifa ya namba zote. Ikisemwa kwa lugha ya mantiki izungumzayo namba peke yake, wala si mafungu ya namba, kanuni hii huhusu zile sifa tu zinazoandikika kwa lugha hiyo.

Natuongeze juu ya kanuni hizo herufi moja, k, pamoja na madai yasiyo na mwisho: k yapita sifuri, k yapita moja, k yapita mbili, na kuendelea daima. Burhani yoyote ina kikomo, kwa hiyo haitumii ila machache katika madai hayo, na machache hayo hutimizwa na namba ya kawaida iliyo kubwa ya kutosha. Basi hakuna burhani itakayozua mgongano. Naye Kurt Gödel wa Vienna alithibitisha, katika makala ya mwaka 1930, kwamba kanuni za lugha hiyo zisipogongana, lazima uwepo ulimwengu wa kuzitimiza. Ulimwengu huo, ambao Thoralf Skolem wa Norwe aliufikia kwa njia nyingine katika makala zake za 1933 na 1934, wazitii kanuni zote za Peano, na ndani yake imo k.

Asimamaye ufukweni Bujumbura huiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Ila mji wa Uvira, ulio huko ng'ambo, hufikiwa kwa njia ya Gatumba, ilhali k haifikiwi kwa hatua za moja moja, wala arudiye nyuma kutoka k hatafika kwetu kamwe. Hata hivyo k ni shufwa au witiri kama namba nyingine yoyote, na ikiwa shufwa, nusu yake nayo iko huko huko ng'ambo. Msomaji makini atauliza: je, sifa ya kuwa namba ya kwetu haimo katika sifuri, na hairithishwi kwa kila inayofuata? Imo, na hurithishwa. Lakini haiandikiki kwa lugha ile, na ndiyo sababu kanuni haiigusi.

Linalonistaajabisha zaidi ni alilothibitisha Stanley Tennenbaum wa Marekani mwaka 1959: katika ulimwengu wowote wa namna hii ambao wakazi wake waweza kuorodheshwa, hata wapangwe vipi katika orodha, hakuna utaratibu wa kimashine wa kuwajumlisha wala wa kuwazidisha. Jumla ya kila wawili ipo, ila hakuna kompyuta, iwe ya Chuo Kikuu cha Burundi au ya penginepo, iwezayo kuzitoa jumla zote.