Pilipili Ikipasuka Ndani ya Sombe

Katika nyumba nyingi za Likasi, pilipili ya sombe haikatwi. Mpishi huitumbukiza nzima, na kikonyo chake, mboga inapokaribia kuiva, ili iachie harufu bila kuachia ukali, kisha huiopoa kabla ya kupakua. Ujanja huu hufaa mpaka siku pilipili itakapopasuka ndani ya sufuria au kusahaulika humo. Pilipili mbichi ni ya kijani, na sombe iliyotwangwa ni ya kijani kilichokolea. Aliyemega tonge la bukari na kuzoa mboga hana namna ya kuiona. Anauma mara moja tu. Machozi yanamlenga, kamasi zinamtoka, na papo hapo madaktari wanajaa mezani: mmoja anasukuma bilauri ya maji, mwingine anafungua bia ya Simba ya baridi, wa tatu anacheka. Wahenga waliuliza pilipili usiyoila yakuwashia nini, lakini hawakuacha neno kwa huyu aliyeila bila kukusudia. Mimi naona kinachomponza zaidi ni lugha. Tunasema pilipili inawasha, na kitenzi ni kile kile tunachowashia moto na taa. Basi tunaukimbiza mdomo majini kama tunavyokimbiza ndoo kwenye nyumba inayoungua. Hapo hakuna moto wowote. Kuna kitu chenye tabia ya mafuta kilichoganda kwenye ulimi, na dawa yake mara nyingi iko kwenye meza ile ile ya chakula, ila mkono unaipita ukienda kwenye chupa.

Kitu hicho ni kapsaisini. Hakikai hasa kwenye mbegu, kama wengi wanavyodhani, bali kwenye utando mweupe unaozishikilia mbegu hizo. Mbegu huwa kali kwa sababu zimeugusa utando. Kapsaisini haichomi nyama ya ulimi kama maji ya moto yanavyoibabua. Inachofanya ni kuidanganya mishipa ya fahamu. Mwaka 1997, maabara ya David Julius huko California ilitambua mlango mdogo kwenye mishipa hiyo, uitwao TRPV1, ambao hufunguka joto linapofika kama nyuzi 43 na kupeleka habari ya maumivu kwenye ubongo. Kapsaisini inaufungua mlango huo huo bila joto lolote. Ubongo unapokea taarifa kwamba mdomo unaungua, nao unajibu kwa jasho, machozi na mate, kama ungekuwa unaungua kweli. Kwa ugunduzi huo na mingine ya jamii yake, Julius alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Ndege, tuseme kwa kupita, wana mlango unaofanana na huo ila kapsaisini haiwezi kuufungua; wao hula pilipili kama zabibu na kuzitawanya mbegu, ndiyo maana mche wa pilipili huweza kuota chini ya mwembe bila mtu kuupanda.

Sasa maji. Mtu yeyote aliyewahi kuosha sufuria ya mawese kwa maji baridi matupu anajua matokeo: mafuta yanahama kutoka upande huu kwenda upande ule, na vidole vinabaki vinateleza. Kapsaisini nayo haiyeyuki vizuri majini, bali hujishika kwenye mafuta. Maji yanaisambaza kutoka ncha ya ulimi hadi kooni, na sehemu ambayo haikuwa na shida sasa inayo. Atakayenipinga atasema kwamba maji ya baridi yanatuliza, na hasemi uongo. Ubaridi wenyewe huufanya mlango ule usifunguke kwa urahisi, kwa hiyo kwa muda yalipo mdomoni mtu anapumua. Akishayameza, ulimi unarudi kwenye joto la mwili na kapsaisini iko pale pale. Ndiyo sababu anayeanza na maji huishia kuomba bilauri ya tano, tumbo limejaa na mdomo bado unawaka. Kipande cha barafu kinachonyonywa polepole kina faida kuliko bilauri tano, kwa kuwa ubaridi wake unadumu, lakini nacho kinanunua muda tu.

Wenye Simba ya baridi wana hoja nzito kidogo. Wanasema kapsaisini huyeyuka kwenye pombe, na kikemia wana haki. Mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, alipotunga mwaka 1912 kipimo cha ukali wa pilipili ambacho bado kina jina lake, alianza kwa kuloweka pilipili kwenye pombe ili autoe ukali wake. Ila pombe ya Scoville si bia. Katika chupa ya bia, pombe ni kama sehemu 5 kwa 100. Zilizobaki karibu zote ni maji, na tumeshayaona maji yanafanya nini. Tena kuna habari mbaya zaidi. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba pombe, hata kidogo, inashusha joto linaloufungua ule mlango wa maumivu kutoka nyuzi kama 42 hadi nyuzi kama 34. Joto la mwili wa binadamu ni nyuzi 37. Maana yake, mlango uliokuwa unangoja uji wa moto ndio ufunguke, ukinyweshwa pombe unaweza kufunguka kwa joto la mdomo wenyewe. Bia na michopo ya nyama ni marafiki wa zamani na sitaki kuwagombanisha. Nasema tu kwamba ulimi ukishashikwa, bia si mganga. Sukre, yaani soda yenye gesi, nayo haina sifa. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Penn State lililochapishwa mwaka 2019, watu 72 walipewa kinywaji chenye pilipili, kisha wakajaribu vinywaji mbalimbali vya kutuliza. Kola, maji ya gesi na bia isiyo na kilevi vilikaa mkiani. Kilichoshinda ni maziwa, pamoja na kinywaji chenye ladha ya matunda na sukari, kisicho na gesi.

Kuhusu maziwa, jambo moja katika jaribio hilo linafaa kutazamwa kwa makini. Maziwa yaliyoondolewa mafuta yalituliza sawa na maziwa kamili. Basi mafuta peke yake hayatoshi kueleza nguvu yake. Protini za maziwa huikamata kapsaisini na kuiondoa kwenye ulimi. Msomaji wa Likasi ana haki ya kuguna hapa. Mji huu, ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ulikua kwa shaba, na ng'ombe wa maziwa hawakuwa sehemu ya maisha yake. Ushauri wa kunywa maziwa unasikika kama umeandikiwa wafugaji wa Masisi. Lakini kama protini ndiyo inayofanya kazi, basi maziwa ya unga, yale ya kifuko kinachouzwa kwenye kioski, yanatosha. Vijiko viwili vikorogwe katika maji ya baridi kidogo, yawe mazito, na mtu asiyabugie: ayazungushe mdomoni, ayateme, arudie. Kutema si ufedhuli katika hali hiyo. Kinachotemwa ni kapsaisini yenyewe.

Na pasipo hata kifuko cha maziwa, kuna sukari. Kijiko kimoja juu ya ulimi, kiachwe kiyeyuke, hupunguza makali; utamu unashindana na maumivu kwenye njia ya kwenda ubongoni. Scoville mwenyewe aliichanganya dawa yake ya pilipili na maji ya sukari, akiongeza maji hayo mpaka waonjaji wake wasisikie tena ukali. Bukari nayo ina kazi yake. Ushahidi wake si mzito kama wa maziwa, nakiri, lakini tonge lililosuguliwa ulimini linazoa kapsaisini kama kitambaa kinavyozoa mafuta mezani. Sharti ni moja, na hapa ndipo wengi hukosea: bukari iwe imepoa. Tonge linalofuka moshi linaongeza joto la kweli juu ya lile la uongo, na mlango ule hautofautishi. Karanga za kutafuna zinasaidia pia, kwa mafuta na protini zake. Mchuzi wa sombe ile ile hausaidii, kwa kuwa mawese yake yamekwisha kuinywa pilipili. Kuuongeza ni kuongeza kapsaisini. Kwa sababu hiyo hiyo, sufuria iliyopasukiwa pilipili haiokolewi kwa maji. Inaokolewa kwa sombe nyingine isiyo na pilipili, au unga wa karanga, mpaka ukali ugawanyike.

Wako watakaosema haya yote ni mambo ya watu laini, kwamba wazee hutafuna pilipili nzima na bukari bila kukunja uso. Ni kweli hutafuna, na sayansi inawatetea: mishipa inayoguswa na kapsaisini kila siku huchoka kuitikia. Lakini mazoea hayo yalichukua miaka, na hayarithiwi na mjukuu wa miaka minne anayekula sahani moja na babu yake. Kwa mtoto na mgeni, pilipili iliyosahaulika ni jambo lingine kabisa. Wengi hupona wenyewe ndani ya nusu saa bila kidonda chochote. Anayevimba midomo, anayekoroma au kushindwa kuvuta pumzi, hasa mwenye pumu, asipewe sukari wala maziwa bali akimbizwe hospitali. Na kwa kuwa bukari huliwa kwa mkono, vidole vilivyogusa pilipili vipakwe mafuta kwanza, kisha vioshwe kwa sabuni, kabla havijafika machoni; maji matupu yatafanya kwenye vidole kile kile yalichofanya kwenye ulimi.

Kwenye michopo, pilipili huwekwa kando ya nyama, kila mtu akachovya kwa kadiri ya ujasiri wake. Sombe haina kando. Basi mpishi aliyetumbukiza pilipili tatu ahesabu tatu anapoziopoa, na kama zimetoka mbili, awaambie walaji kabla hawajanawa mikono.