Mongezi Feza, mpuliza tarumbeta wa Queenstown

Ukiuliza wanamuziki wa Afrika Kusini waliokimbia utawala wa makaburu, utatajiwa Miriam Makeba, Hugh Masekela, pengine na Abdullah Ibrahim. Mongezi Feza hatajwi. Hilo linaniuma, maana ni wachache waliowahi kupuliza tarumbeta kwa furaha kama yake.

Alizaliwa mwaka 1945 Queenstown, mji wa Cape Mashariki uliosifika kwa jazi. Alishika tarumbeta akiwa na miaka minane, na alipofika kumi na sita alikuwa tayari anapiga katika bendi. Baadaye mpiga piano Chris McGregor akamchukua katika kundi la Blue Notes, pamoja na Dudu Pukwana na Nikele Moyake kwenye saksafoni, Johnny Dyani kwenye besi na Louis Moholo kwenye ngoma. McGregor alikuwa Mzungu, wenzake wote weusi. Chini ya sheria za ubaguzi wa rangi, bendi ya namna hiyo haikuwa na mahali pa kupiga kwa amani.

Mwaka 1964 wakaalikwa kwenye tamasha la Antibes, Ufaransa. Wakaenda, wakabaki huko huko Ulaya, isipokuwa Moyake aliyerejea nyumbani mapema. Feza alikuwa na miaka 19. Mwaka uliofuata, baada ya kupita Uswisi, wakafika London.

Chombo alichojulikana nacho ni tarumbeta ya mfukoni. Ukiiona utadhani ni ya mtoto, kumbe bomba lake lina urefu ule ule wa tarumbeta ya kawaida, ila limekunjwa likabanana. Isikilize kwenye rekodi ya Brotherhood of Breath, bendi kubwa ya McGregor, iliyofanyika Willisau, Uswisi, Januari 1973. Bendi nzima inanguruma, na Feza anapenya juu yao kwa sauti fupi fupi, kali, kisha anaanza mbio ambazo hujui zitaishia wapi. Mwaka uliofuata Mwingereza Robert Wyatt alimwalika kwenye albamu yake ya Rock Bottom. Humo tarumbeta zake zimerekodiwa moja juu ya nyingine, zikajibizana mpaka chumba kikajaa. Kwangu mimi, hakuna kitu kizuri kuliko hicho katika albamu ile.

Desemba 14, 1975, akiwa na miaka 30, Feza alifariki London. Alikuwa amelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na kilichomuua ni nimonia, ugonjwa unaotibika. Siku tisa baadaye, baada ya ibada ya kumkumbuka, Pukwana, McGregor, Dyani na Moholo waliingia chumba cha mazoezi wakapiga, bila kupanga lolote. Katika rekodi hiyo, Blue Notes for Mongezi, wanalia, wanaimba na kupaza sauti kwa Kixhosa. Ni msiba mzima, umenaswa kwenye santuri.

Dyani alifariki mwaka 1986. McGregor na Pukwana wakafuata mwaka 1990, miezi michache tu baada ya Mandela kutoka gerezani. Moholo ndiye aliyerudi kuishi Afrika Kusini, mwaka 2005, na kwa miaka mingi aliendelea kupiga utunzi wa Feza, You Ain't Gonna Know Me 'Cos You Think You Know Me. Asiyemjua Feza aanzie hapo.