Wapiga Picha wa Kakamega na Mabadiliko ya Kamera

Kazi ya upigaji picha mjini Kakamega, kama kwingineko nchini Kenya, imepitia zana tatu kwa muda mfupi: kamera ya filamu, kamera ya dijitali na simu ya mkononi. Kila zana ilipoingia, ilifunga njia moja ya mapato na kufungua nyingine. Waliodumu katika kazi hii ni wale waliotambua mapema kitu ambacho mteja bado yuko tayari kukilipia.

Enzi ya filamu, mteja alilipia karatasi. Filamu ya milimita 35 ilikuwa na nafasi 24 au 36, na nafasi iliyoharibika ilikuwa hasara. Kwa hiyo mpiga picha alipima mwanga na umbali, akampanga mteja, ndipo akabonyeza. Filamu ilipojaa ilipelekwa kusafishwa, na mteja akangoja siku kadhaa kabla ya kuiona sura yake.

Kamera ya kwanza ya dijitali iliundwa mwaka 1975 na mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak. Ilihitaji sekunde 23 kuhifadhi picha moja. Mwaka 2003 Canon iliuza EOS 300D kwa bei iliyo chini ya dola 1,000, na wapiga picha wa kawaida wakaanza kuimudu teknolojia hiyo. Gharama ya filamu ikatoweka, lakini zikaja gharama za kompyuta, printa, kadi za memori na umeme wa uhakika. Kodak yenyewe, iliyotegemea mauzo ya filamu, iliomba kinga ya kufilisika Januari 2012.

Simu yenye kamera ilimnyang'anya mpiga picha kazi ya picha za kila siku: mtoto mchanga, wageni wa Jumapili, ziara ya Mwamba wa Ilesi. Mpiga picha alibakiwa na shughuli ambazo hazirudiwi, yaani harusi, mahafali na mazishi. Siku ya mahafali ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, anayefanya kazi vizuri huwa na printa ndogo pembeni. Karatasi hupita ndani ya printa mara nne: kwanza rangi ya manjano, kisha nyekundu ya zambarau, kisha samawati, na mwisho utando mwembamba wa kuikinga. Rangi hizo hupachikwa kwa joto, hivyo picha hutoka ikiwa kavu na mhitimu huondoka nayo papo hapo. Simu pekee haiwezi kumpa mzazi aliyetoka kijijini picha ya kutundika ukutani siku hiyohiyo.

Mazishi nayo yameleta kazi mpya. Picha kuukuu ya marehemu huingizwa kwenye kompyuta, mikunjo na madoa yakaondolewa, kisha ikakuzwa kwa ajili ya kitabu cha ratiba na bango. Mwaka 2020, serikali ilipopunguza idadi ya waombolezaji kwa sababu ya korona, kurusha ibada moja kwa moja mtandaoni kukawa msaada mkubwa kwa jamaa walioko mbali.

Jambo linalowasumbua wengi ni lini wanunue kifaa kipya. Canon ilitumia mfumo wake wa lenzi wa EF tangu 1987, na Nikon mfumo wa F tangu 1959. Mwaka 2018 zote mbili zilileta kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) zenye mfumo mpya wa lenzi. Hata hivyo, lenzi nyingi za zamani hufanya kazi zikiunganishwa kwa adapta, kwa hiyo hakuna haja ya kuuza kila kitu. Ndani ya kanisa lenye mwanga hafifu, lenzi yenye upenyo wa f/1.8 huingiza mwanga karibu mara nne ya ile ya f/3.5. Lenzi kama hiyo, hata ikiwa imeshatumika, mara nyingi humfaa mpiga picha kuliko kamera mpya.

Kwa upande wa kompyuta, tangu 2013 kampuni ya Adobe imeelekeza programu zake za kuhariri picha kwenye malipo ya kila mwezi. Asiyemudu anaweza kujifunza GIMP au darktable, ambazo ni za bure.

Uhifadhi ndio unaopuuzwa zaidi. Harusi yenye picha 1,500 ghafi, kila moja megabaiti 25, hujaza zaidi ya gigabaiti 37. Filamu iliyosafishwa iliweza kukaa kwenye bahasha miaka mingi na bado ikatoa picha, lakini diski moja ikiharibika, harusi nzima hupotea. Utaratibu unaokubalika ni kuwa na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ihifadhiwe mahali pengine. Familia zikifiwa hurudi kutafuta picha za zamani, na studio iliyotunza kumbukumbu zake vizuri huweza kuwapa.