Je, Wajua? Kirai Kina Mpaka Unaosikika

Habari inafika Mayungu, pale wavuvi wanaposhusha samaki kusini mwa mji wa Malindi: mtoto wa mvuvi aliyezama amepatikana. Watu wanatazamana. Nani aliyezama, mvuvi au mwanawe? Maneno yote ya habari hiyo yanaeleweka, na hakuna lililokosewa. Kisichojulikana ni namna yalivyofungamana. Ukifunga pamoja "mvuvi aliyezama", baba ndiye aliyekufa maji, na mtoto alikuwa amepotea tu. Ukitangulia kufunga "mtoto wa mvuvi", aliyezama ni mtoto. Msiba unahamia kwa mtu mwingine bila herufi hata moja kubadilika.

Msikilizaji hapokei maneno moja moja. Huyakusanya mafungu, kisha huweka fungu ndani ya fungu, na kazi hiyo yote huifanya kabla msemaji hajavuta pumzi nyingine. Wanasarufi wameyapa mafungu hayo majina mawili ambayo kila aliyepita shule ya Kenya anayakumbuka: kirai na kishazi. Kirai ni fungu linaloongozwa na neno kuu moja, kama "nyavu mbili mpya", ambapo nyavu ndizo kiongozi. Kishazi kina kitenzi. Kikiwa huru hujitosheleza. Kikiwa tegemezi humwacha msikilizaji akingoja. Mwambie mtu wa Watamu "kusi ikivuma" kisha unyamaze, atakuuliza: ikivuma, ndiyo iweje? Ongeza "ngalawa hazitoki", naye ataridhika.

Utajuaje kwamba mafungu haya yapo kweli, na si mistari tu iliyochorwa na walimu? Lijaribu fungu kwa kulihamisha. Chukua sentensi hii: mvuvi mzee wa Mayungu alinunua nyavu mbili mpya. Unaweza kusema: nyavu mbili mpya, mvuvi mzee wa Mayungu alizinunua. Fungu zima limetangulia, na kitenzi kimeingiza "zi" ili kulishika. Sasa jaribu kulitanguliza neno "mpya" peke yake na kuziacha "nyavu mbili" nyuma. Hakuna Mswahili atakayekubali, hata ambaye hajawahi kukanyaga darasani. Au lifute fungu "mvuvi mzee wa Mayungu" uweke neno moja mahali pake: yeye alizinunua. Bado ni sentensi. Kwa kweli hata "yeye" si lazima, kwa sababu "alizinunua" ni kishazi kamili ndani ya neno moja, chenye mtenda, wakati na kitendwa. Kiswahili kinaweza kubana katika neno moja kile ambacho lugha nyingine hukitandaza katika maneno matatu au manne.

Kinaweza pia kufanya kirai kisicho na nomino. Tazama methali inayosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mtenda wa "huvunjika" ni nani? Ni fungu zima "asiyesikia la mkuu", kishazi kilichokaa kwenye kiti cha nomino. Ndani yake mna "la mkuu", ambalo nalo limedondosha neno lake kuu, nalo ni "neno". Methali zetu nyingi zinazoanza na "asiye" au "aliye" zimejengwa hivyo, na watoto huzielewa miaka mingi kabla ya kusikia kwamba kuna kitu kinachoitwa kishazi tegemezi.

Nguvu kubwa ya kufungamanisha maneno katika lugha za Kibantu ni ngeli. Mnunuzi akilalamika juu ya kikapu cha samaki waliooza, ugomvi ni wa samaki. Akisema kikapu cha samaki kilichooza, ugomvi ni wa ukili. Sasa refusha fungu: mlango wa chumba cha nyumba ya kadhi. Malizia na "uliosifiwa" na sifa itakwenda kwa mlango. Sema "kilichosifiwa", nayo itatua chumbani. "Iliyosifiwa" itaipeleka kwa nyumba, na "aliyesifiwa" itampa kadhi mwenyewe. Nomino nne zimepangwa mfululizo, na silabi chache za kitenzi zinaruka juu ya zile zisizohusika hadi kumfikia mwenye sifa. Kwangu mimi hii ni mojawapo ya kazi nzuri zaidi zinazofanywa na Kiswahili, na inasikitisha kwamba wengi hukutana nayo kama orodha ya kukariri.

Uzi huo hukatika pale tu nomino mbili zinapokuwa za ngeli moja. Ndiyo maana habari ya Mayungu ilileta utata: mtoto na mvuvi wote ni wa ngeli ya A-WA. Zungumzia watoto wengi na utata utatoweka, kwani utalazimika kuchagua kati ya "watoto wa mvuvi aliyezama" na "watoto wa mvuvi waliozama". Kuna utata mwingine uliojificha zaidi. Mtu akisema "mvuvi aliyemwokoa Kazungu", ni nani aliyeokolewa? Huenda ni Kazungu. Lakini pia huenda Kazungu ndiye aliyeokoa, kwa sababu katika kishazi rejeshi cha namna hii mtenda huweza kukaa baada ya kitenzi, kama tunavyosema "kitabu alichokisoma Kazungu". Dawa yake ni "amba". "Mvuvi ambaye Kazungu alimwokoa" inampa Kazungu nafasi yake mbele ya kitenzi, na kila mtu anajua nani alikuwa majini. Wapo wanaoiona "amba" kuwa nzito na ya kiofisi. Mimi naiona kuwa ya lazima pale maisha au fedha ya mtu inapotegemea sentensi.

Mafungu haya yamewahi pia kupimwa kwa majaribio. Mwaka 1965, huko Marekani, watafiti Jerry Fodor na Thomas Bever waliwasikilizisha watu sentensi za Kiingereza zilizorekodiwa, huku mlio mfupi ukipigwa mahali fulani ndani yake. Kisha waliwauliza mlio ulisikika wapi. Wengi walikosea, na makosa yao yalielemea upande mmoja: mlio ulisogezwa kuelekea mpaka wa kishazi, hata kama ulipigwa katikati ya neno. Yaani akili ilikuwa imeshika fungu ambalo haikutaka kulikata.

Lakini ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko hapa hapa kaunti ya Kilifi. Kigiriama, ndugu wa Kiswahili katika kundi la lugha za Sabaki, kimehifadhi toni ambazo Kiswahili chenyewe kilizipoteza. Mgiriama akisema "ninamala kugula nguwo", nataka kununua nguo, sauti yake haipandi popote. Akisema "anamala kugula nguwo", yeye anataka kununua nguo, kuna silabi inayopanda juu. Toni hiyo ya juu ni mali ya "a" ya mwanzoni, ile inayomtaja mtenda. Hata hivyo haisikiki hapo. Inasafiri, inalivuka neno la kwanza, inalivuka la pili, na kutua kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ya neno la tatu, kwenye "ngu" ya nguwo. Inakwenda hadi mwisho wa fungu na kusimama hapo. Mwanaisimu wa Kifaransa Gérard Philippson aliandika juu ya jambo hili mwaka 1991. Kwa Mgiriama, basi, mpaka wa fungu husikika kwa sikio, wala hauhitaji mchoro.

Kaskazini zaidi, katika Chimwini, lugha ya mji wa Barawa nchini Somalia, mpaka huohuo hujitokeza kwa urefu wa vokali. Vokali ndefu hubaki ndefu ikiwa karibu na mwisho wa fungu. Ikirudishwa nyuma na maneno yanayoifuata, hufupika. Wanaisimu Charles Kisseberth na Mohammad Imam Abasheikh walichapisha uchunguzi wao wa jambo hilo mwaka 1974.

Kalamu haikuyapokea haya yote. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alihamia Rabai pamoja na Johannes Rebmann mwaka 1846. Sarufi yake ya Kiswahili, ya kwanza kuchapishwa, ilitoka Tübingen mwaka 1850, na hata katika jina la kitabu hicho aliitaja lugha ya majirani zake Wamijikenda, ambao Wagiriama ni miongoni mwao, akiiita Kinika. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882, baada ya kifo chake. Kazi ile ilikuwa kubwa, nami naiheshimu. Lakini maandishi ya kawaida ya Kigiriama hayaonyeshi toni hadi leo, na msomaji hulazimika kuirejesha mwenyewe kutoka kichwani. Katika Kiswahili, mkato hujaribu kufanya kidogo ya kazi hiyo. "Wavuvi waliorudi usiku walilipwa" inawaacha wengine bila malipo. "Wavuvi, waliorudi usiku, walilipwa" inawalipa wote. Anayeandika kumbukumbu za kikao cha chama cha wavuvi na aziangalie sana alama mbili hizo.

Katika mtihani wa KCSE wa Kiswahili, karatasi ya pili, mtahiniwa huambiwa achanganue sentensi kwa matawi, jedwali au mistari, akiandika KN (kundi nomino) hapa na KT (kundi tenzi) pale. Sipingi zoezi hilo. Mchoro wa matawi unaonyesha vizuri fungu lililo ndani ya fungu. Ninachopinga ni kuufanya uwe mwanzo wa somo. Mwalimu wa Ganze, Kaloleni au Magarini ana darasa lililojaa watoto wanaosikia mwisho wa kirai katika lugha ya nyumbani kwao. Ningemwomba aanze hapo: awaambie waseme "anamala kugula nguwo" kwa sauti, wasikilize toni inakotua, waongeze neno jingine mwishoni na wasikilize tena. Kisha ndipo achukue chaki na kuchora matawi.