Si kila cha ziada ni cha kutupwa

Dar es Salaam

WAKAZI wengi wa mijini hulifahamu neno "ridandansi" kwa maana moja tu, nayo ni kupunguzwa kazini. Maana hiyo ilienea nchini katika miaka ya 1990, mageuzi ya uchumi yalipowaondoa makumi ya maelfu ya watumishi wa Serikali na mashirika ya umma. Hata hivyo, neno hilo lina maana nyingine mbili, na katika zote mbili kinachoitwa ziada ndicho kinachookoa.

Maana ya kwanza imo katika lugha. Mchuuzi wa Kariakoo anapomwambia mteja "vikapu vyako viwili vimeanguka", dalili ya wingi hujirudia katika kila neno. Katika chumba tulivu, dalili moja ingetosha. Lakini sokoni, honi ikilifunika neno la kwanza, yaliyobaki hubeba ujumbe. Mtaalamu wa hisabati wa Marekani, Claude Shannon, alikadiria mwaka 1948 kuwa karibu nusu ya maandishi ya kawaida ya Kiingereza ni ziada itokanayo na muundo wa lugha yenyewe.

Maana ya pili ni ya mitambo. Mkongo wa baharini wa Seacom ulianza kuhudumia Afrika Mashariki mwaka 2009, na wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Faida ya kuwa na miwili ni kwamba mmoja ukikatika, mwingine huendelea na kazi. Mei 12, 2024, yote miwili ilikatika kwenye eneo la pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Tukio hilo lilidhihirisha kuwa njia ya akiba inayopita jirani na ile ya kwanza huweza kukumbwa na balaa lile lile.

Katika ajira, anayeitwa ziada ni mtu, naye huondolewa. Ndiyo maana mwajiri haachiwi kuamua peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka atoe taarifa ya kusudio lake, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au wafanyakazi wenyewe kuhusu njia za kuepuka hatua hiyo, vigezo vya kuchagua wa kuondoka, na malipo yao.

Aliyetumikia mfululizo kwa miezi 12 au zaidi hustahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Anayeamini kuwa ameachishwa isivyo halali ana siku 30 za kufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Mashauriano hayo ndiyo mahali pa kuhoji iwapo aliyetajwa ni ziada kweli. Karani wa pili wa ghala huonekana hana kazi siku ambayo mwenzake yupo. Mwenzake akiugua, ndiye pekee ajuaye mzigo ulipo.