Hekalu Kwenye Maji ya Mji

Mtu akionyeshwa chapa ya mchoraji Hiroshige ya hekalu la Benzaiten kwenye bwawa la Inokashira, iliyotolewa Japani mwaka 1856, jicho hukimbilia hekaluni. Mimi humwomba aanze na maji. Bwawa lile ndilo lililolisha mfereji wa Kanda, na mfereji huo ulinywesha sehemu ya Edo, mji ambao leo ni Tokyo, uliokuwa na watu wapatao milioni moja. Benzaiten ni mungu wa kike wa maji. Aliwekwa pale ambapo mji ulipata uhai wake.

Sisi wa Mwanza, tunaokunywa maji yanayovutwa ziwani pale Capri Point, tunapaswa kuielewa picha hii upesi kuliko wengi. Ng'ambo ya magharibi, Wahaya walimjua Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba. Waganda walimwita Mukasa, na hekalu lake kuu lilikuwa Bubembe, katika visiwa vya Ssese.

Hiroshige mwenyewe hakuchonga wala kuchapa. Alichora kwenye karatasi nyembamba, mchongaji akaibandika kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, akachimba kila pasipo na mstari. Kisha kila rangi ikapata ubao wake, na alama mbili ndogo zilizochongwa pembeni zikahakikisha karatasi inakaa palepale kila mara. Hakukuwa na mashine. Karatasi, iliyotengenezwa kwa magome ya mti wa jamii ya mforosadi, ililazwa juu ya ubao na kusuguliwa mgongoni kwa kisuguo kilichofunikwa ganda la mwanzi.

Maji ndiyo yaliyompima mchapaji. Ubaoni hapakuchongwa wimbi. Aliulowesha ubao, akapaka buluu upande mmoja, akaifuta kwa mkono hadi ififie. Ndivyo ziwa letu linavyoonekana asubuhi kutoka Capri Point: zito karibu na mawe, likipauka kuelekea visiwani. Buluu yenyewe ilikuwa ya kiwandani, iliyobuniwa Berlin, na ilienea katika chapa za Japani kuanzia miaka ya 1830.

Kwa kuwa ufutaji ulifanywa upya kwa kila karatasi, hakuna nakala mbili zenye maji yanayolingana kabisa. Nakala za mwanzo zilihangaikiwa zaidi; soko lilipochangamka, wachapaji wakapunguza hatua. Ukipata nakala mbili, zilinganishe kwa maji kabla ya kutazama paa la hekalu.